Ibnul Haitham, bingwa wa nuru katika maji na kioo

Kwa zaidi ya miaka elfu moja wenye hekima walibishana juu ya jambo ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza: tunapotazama kitu, je, jicho ndilo linalokiendea, au kitu ndicho kinachoujia mboni? Euclid na Ptolemy, mabingwa wa Kiyunani, walishika upande wa kwanza. Kwao jicho lilikuwa likitoa miali kwenda kupapasa ulimwengu, kama kipofu apapasavyo njia kwa fimbo yake. Aliyeivunja rai hiyo kwa hoja na majaribio ni Mwislamu wa Basra, Abu Ali al-Hasan ibn al-Haitham, ambaye Wazungu humwita Alhazen. Huyo ndiye niliyemkusudia leo.

Alizaliwa karibu na mwaka 354 wa Hijra, sawa na 965 wa Miladi. Basra si ngeni kwa watu wa pwani, kwani mababu zetu wamekula tende zake zilizoletwa na majahazi ya msimu. Huko Ibnul Haitham alisoma hesabu, falaki na falsafa, na yasemwa kuwa alishika pia kazi ya serikali. Lakini moyo wake haukuwa katika kazi hiyo.

Kilichomtoa Iraki ni maneno yake mwenyewe. Habari zilimfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri, kwamba yuko mtu Basra anayedai kuwa mto Nile waweza kuwekewa mpango, ili usiwadhuru watu unapofurika wala unapopungua. Al-Hakim akamwita, akampokea kwa heshima, akampa mafundi na kumtuma kusini. Ibnul Haitham akaupanda mto hadi kwenye maporomoko karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale yalivyosimama kwa vipimo visivyo na kasoro, akafahamu kuwa kama jambo lile lingewezekana, hao wasingeliacha. Akarudi mikono mitupu.

Basi fikiri mwenyewe, msomaji, kurudi mikono mitupu mbele ya mtawala yule, ambaye alikuwa akimpa mtu cheo leo na kumwua kesho. Al-Hakim alimsamehe na hata kumpa kazi, lakini Ibnul Haitham hakuiamini amani hiyo. Akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikachukuliwa, akafungiwa nyumbani, na hakuonyesha akili yake tena mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Kisa hiki kiliandikwa na wanahistoria wa karne ya 13, na wako wataalamu wanaokiona kimetiwa chumvi. Mimi sioni ajabu ndani yake. Mwenye elimu aliyetawaliwa na mtu wa namna ile hakuwa na njia nyingi.

Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu, kikiwamo cha yule yule Euclid aliyempinga. Malipo yake yalikuwa dinari 150 kwa mwaka, na hakutaka zaidi.

Tunda la miaka hiyo ya Misri ni Kitab al-Manazir, juzuu saba juu ya nuru na kuona. Humo hakutosheka na maneno. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, akaonyesha kuwa kila taa ina doa lake ukutani, na ukiiziba taa moja, doa lake pekee ndilo lipoteapo. Akasema pia kuwa jicho likilitazama jua huumia, na haliwezi kuumizwa na kitu kitokacho ndani yake lenyewe. Nuru hutoka kwenye jua au taa, hugonga kitu, kisha ndipo hufika machoni.

Juzuu ya saba ni ya kupindika kwa nuru. Kila mvuvi amekwisha kuona upondo wake unavyoonekana umevunjika pale uingiapo majini. Ibnul Haitham alitengeneza chombo cha shaba chenye vipimo kwenye ukingo wake, akakizamisha majini, akapima mwali unavyopinda uingiapo katika maji, na pia katika kioo. Kanuni kamili ya hesabu hakuifikia. Alikwisha kuifikia Ibn Sahl wa Baghdad karibu na mwaka 984, ingawa kwa karne nyingi sifa yake ilikwenda kwa Snell, Mholanzi wa mwaka 1621. Lakini Ibnul Haitham aliandika makala nyingine, juu ya tufe liunguzalo, akieleza jinsi jua likusanyikavyo nyuma ya mpira wa kioo hata likachoma.

Makala hiyo ndiyo iliyonijia akilini hapa Kakamega, nilipo kwa kazi, safari ya siku nzima na zaidi kutoka baharini. Kijana mmoja mwenye chumba cha kompyuta alikuwa akichora bilauri ya maji kwa ajili ya tangazo. Bilauri ilipendeza, lakini kivuli chake mezani kilikuwa cheusi kama cha mtungi wa udongo. Akaniuliza, Mzee, mbona hapa pana kasoro nisiyoijua? Nikamwambia aweke bilauri ya kweli dirishani. Katikati ya kivuli pakatokea doa la nuru likichezacheza, ndugu ya zile nyavu za nuru tuzionazo juu ya mchanga wa bahari maji yakiwa mafupi na safi.

Ajabu ni hii. Tangu Turner Whitted wa Marekani alipotoa makala yake mwaka 1980, kompyuta nyingi huchora kioo na maji kwa kuanza safari jichoni: mwali hutolewa kwenye jicho, hupindishwa kwenye kioo kwa kanuni ile ya Ibn Sahl, kisha huitafuta taa. Hufanywa hivyo ili kupunguza kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya nuru itokayo kwenye taa haifiki jichoni kamwe. Ni njia ya Euclid iliyofufuka! Na kwa mambo mengi yafaa. Lakini mwali ukifika mezani nyuma ya bilauri, mashine huuliza kama taa iko wazi kwa mstari ulionyooka. Kioo kimeziba njia, basi hujibu kuwa ni giza. Haijui kwamba nuru imepita kwa kupinda na kukusanyika palepale.

Dawa ilipatikana kwa kugeuza safari. Henrik Wann Jensen wa Denmark, katika makala yake ya mwaka 1996, alieleza namna ya kuitoa nuru kwenye taa kwanza, kuifuata inavyopinda, na kuandika kila mahali inapotua. Jicho huja baadaye kusoma yaliyoandikwa. Kijana alipoiruhusu programu yake ifanye kazi kwa namna hiyo, mashine ilivuma muda mrefu, na doa likatokea.

Ibnul Haitham alifariki Kairo karibu na mwaka 1040. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, akakisoma Roger Bacon, na baadaye Kepler. Upande wa mashariki, mwanzoni mwa karne ya 14, Kamaluddin al-Farisi alikisherehesha, akajaza maji katika tufe la kioo ili liwe mfano wa tone la mvua, akaeleza kwalo upinde wa mvua. Chapa ya Kilatini ilitoka Basel mwaka 1572. Matini ya Kiarabu, lugha aliyoiandikia, ilisubiri hadi mwaka 1983 ndipo juzuu tatu za kwanza zilipochapishwa Kuwait, kwa jitihada za Abdelhamid Sabra, mwana wa Misri.