Charles Taylor: Fundi wa Injini ya Ndege ya Kwanza

Ndege ikipita juu ya uwanda wa Ufipa, hapana budi mtoto mmoja atamwuliza mwalimu ni nani anayeitengeneza, na kama kazi hiyo humlazimu mtu kufika chuo kikuu. Mwalimu asilichukulie swali hili kuwa la mchezo. Siku moja mzazi wa Nkasi au Kalambo atauza mahindi, pengine na ng'ombe, kwa sababu ya jibu lake. Maisha ya Charles Edward Taylor husaidia kulijibu, mradi yafundishwe yote wala si nusu.

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei, 1868, katika jimbo la Illinois, Marekani. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akawa mtoto wa kutumwa katika kazi za gazeti moja mjini Lincoln, Nebraska. Alipohamia Dayton, Ohio, mwaka 1896, alikuwa akiishi kwa kazi ya mikono yake. Mwezi wa Juni, 1901, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walimwajiri katika karakana yao ya baiskeli, ili pawe na mtu wa kuiangalia wao wakienda pwani ya North Carolina kujaribu vyombo vya kuruka visivyo na injini.

Mwishoni mwa mwaka 1902 ndugu hao walihitaji injini nyepesi, na viwanda walivyoviandikia havikuwapatia. Kazi ikamwangukia Taylor, ambaye alikuwa hajapata kuunda injini hata moja. Alikuwa amewahi tu kujaribu kuitengeneza injini ya motokaa. Vyombo vyake vikubwa vilikuwa kerezo na mashine ya kutobolea. Michoro ilikuwa ya haraka, juu ya vipande vya karatasi vilivyopachikwa mbele ya meza ya kazi.

Hapa mwalimu asikimbie. Aeleze jinsi krenkishafti ilivyopatikana, maana ndiyo inayogeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi ukawa mzunguko. Taylor alichora umbo lake juu ya bamba nene la chuma cha pua, akatoboa matundu mengi kuufuata mchoro, akaondoa kilichozidi kwa nyundo na tindo, kisha akaikereza mpaka ikawa sawasawa. Watoto wanaweza kuiga hatua hizo kwa boksi gumu na msumari, nao wataona kwamba tundu likikosea mstari kazi nzima huharibika. Tumbo la injini lilisubiwa kwa alumini. Lilipasuka katika majaribio ya Februari, 1903, ikabidi lisubiwe jingine. Hata hivyo, kazi ya kuiunda injini ile ilichukua wiki sita tu. Ndugu wale walitarajia nguvu za farasi 8, wakapata kama 12. Tarehe 17 Desemba, 1903, ndege ikaruka kwa sekunde 12.

Mwalimu wa Ufipa ana mfano ulio karibu zaidi kuliko Dayton. Wafua chuma wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuri la udongo lililopita kimo cha mtu na kuvuta hewa lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe. Ujuzi huo ulipatikana kwa kumtumikia anayejua. Palipo na mabaki ya malungu karibu na shule, wanafunzi wapelekwe wakayaone kwanza, kisha ndipo wasimuliwe habari za Taylor.

Lakini wako wanaoyasimulia maisha haya ili kuyadharau masomo, wakisema kwamba Taylor hakusoma na ndege ikaruka. Huko ni kukata hadithi katikati. Ni kweli kwamba Wilbur na Orville nao hawakuwa na shahada, lakini mwaka 1899 Wilbur aliandikia taasisi ya Smithsonian kuomba maandishi yote juu ya kuruka. Mwaka 1901 waliunda njia ya upepo, Taylor akiwasaidia, wakapima maumbo mengi ya mabawa na kuandika hesabu zake. Injini ya Taylor ilikuja juu ya hesabu hizo.

Uzito wa kazi ya fundi ulionekana tarehe 17 Septemba, 1908, huko Fort Myer, Virginia. Pangaboi lilipasuka angani, ndege ikaanguka. Orville aliumia vibaya, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki. Taylor na fundi mwenziwe walimpelekea Orville vipande vilivyovunjika hospitalini, naye akavichunguza akiwa kitandani mpaka chanzo kikajulikana.

Kwa hiyo leo fundi hapewi ruhusa ya kutia sahihi kwamba ndege ni salama kwa sababu tu ana mikono mizuri. Kanuni za kimataifa humtaka awe na umri usiopungua miaka 18, ashinde mitihani, na awe na uzoefu wa kazi wa miaka minne, au miwili ikiwa amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Shahada haimo katika masharti hayo. Hapa Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege katika ngazi ya stashahada na ya shahada pia. Mimi ningemshauri mzazi wa mtoto anayependa spana atazame leseni kwanza. Shahada inamfaa zaidi anayetaka kubuni ndege au kuongoza karakana, na mwenye leseni anaweza kuifuata baadaye. Ila mwalimu asimwambie mtoto aliyeshindwa hesabu kwamba basi atakuwa fundi. Vitabu vya matengenezo ya ndege ni vinene, vya Kiingereza, na vimejaa vipimo.

Sifa haikumfuata Taylor upesi. Mwaka 1937, Henry Ford alipotaka kuifufua karakana ya akina Wright katika jumba lake la makumbusho, Taylor alikutwa California akiwa mfanyakazi wa kawaida katika kiwanda cha ndege. Orville, aliyefariki tarehe 30 Januari, 1948, alimwachia katika wasia dola 800 kwa mwaka, fedha ambazo hazikutosha bei zilipopanda. Mwaka 1955 mwandishi mmoja wa habari alimkuta katika wodi ya maskini mjini Los Angeles, na watu wa sekta ya ndege wakachanga ili atunzwe mahali pazuri zaidi. Alifariki tarehe 30 Januari, 1956, akiwa na umri wa miaka 87. Sasa Marekani huwapa mafundi wa ndege waliotumika miaka 50 tuzo yenye jina lake.