Makhan Singh: Mtetezi wa wafanyakazi aliyelipa kwa uhuru wake

JINA la Makhan Singh halisikiki sana siku hizi katika vichochoro vya Majengo, Nairobi. Hata hivyo, Mei 1950 wafanyakazi wa mtaa huo na wa mitaa jirani waliweka zana chini kwa siku tisa, wakidai miongoni mwa mengine aachiliwe.

Singh alizaliwa Punjab, India, mwaka wa 1913 na kuletwa Kenya akiwa kijana mwaka wa 1927. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji cha babake, na huko ndiko alikojionea taabu za vibarua.

Mnamo 1935 alikigeuza chama cha wafanyakazi Wahindi kuwa cha watu wa rangi zote. Miaka miwili baadaye, mgomo wa siku 62 jijini Nairobi uliwalazimisha waajiri kuongeza mishahara na kukubali siku ya kazi ya saa nane.

Mnamo 1949 yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, ambao serikali ya kikoloni ilikataa kuusajili. Aprili 23, 1950, katika mkutano wa hadhara Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa.

Mgomo ulianza kesho yake. Wafanyakazi walitaka mshahara usiopungua Sh100 kwa mwezi, na polisi wakome kuwakamata usiku majumbani mwao.

Madai hayo yaligusa Majengo moja kwa moja. Vibarua wengi walipanga vyumba huko, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliotegemea kodi hiyo kujikimu bila mume wala mwajiri. Ujira wa kibarua ulipopungua, mwanamke aliyempangisha chumba au kumpikia chakula alipata hasara pia.

Serikali iliwatawanya wagomaji kwa mabomu ya machozi. Singh naye alizuiliwa kaskazini mwa nchi, Lokitaung na kwingineko, hadi Oktoba 1961.

Kenya ilipojitawala, hakupewa wadhifa wowote wa maana serikalini. Badala yake aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyochapishwa mwaka wa 1969. Alifariki Mei 18, 1973.

Mengi aliyoyapigania sasa yamo katika sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inaamuru malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa na kumpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Katiba ya 2010 nayo inalinda ujira wa haki na haki ya kugoma.

Lakini mama anayeuza chakula kando ya soko la Gikomba, hatua chache kutoka Majengo, hana mwajiri wa kumwomba likizo hiyo. Siku asiyofungua biashara, hapati kitu. Deni hilo Singh aliliacha bila kulipwa, na bado lingalipo.