E-Sir: Msee wa South C aliyetoka Nax na hakufika home

Ukiwa msee wa Nakuru unaijua ile barabara ya kwenda Nairobi. Hiyo ndiyo ilituchukulia E-Sir, 16 Machi 2003. Alikuwa ametoka kupiga shoo Nax, anarudi Nairobi na Nameless kwa gari moja, wakapata ajali. Nameless alipona. E-Sir akaenda, miaka 21 tu.

Jina lake halisi ni Issah Mmari, alizaliwa 20 Mei 1981, kijana wa South C. Wakati anaingia kwa gemu, marapa kibao wa Kenya walikuwa wanaiga Wamarekani hadi lafudhi. Yeye akachukua Kiswahili safi, akakichanganya na Sheng ya mtaa. Alikuwa anarap mbio, lakini kila neno unalisikia.

Akiwa Ogopa Deejays, ngoma zikafuatana: Leo ni Leo, Moss Moss, Hamunitishi, na Boomba Train aliyofanya na Nameless. Kwa mathree ni yeye, kwa klabu ni yeye.

Alituachia albamu moja, Nimefika. Ukikumbuka ile safari, hilo jina linauma. Lakini kazi ilikuwa ishafanyika: siku hizi ukirap Kiswahili hakuna mtu anakuuliza mbona. Hata madogo waliozaliwa baada ya 2003 wanazijua hizo ngoma.

Na ukitoka Nax usiku kuelekea Nairobi, ambia dere aende mos mos.