Albrecht von Graefe, Mganga wa Macho wa Berlin

Nani kati yetu asiyepata kumwona mzee kipofu akiongozwa njiani na mjukuu wake aliyeshika ncha ya fimbo? Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyepigana na giza hilo maisha yake yote, nayo hayakuwa marefu.

Albrecht von Graefe alizaliwa Berlin tarehe 22 Mei 1828. Baba yake, Karl Ferdinand, alikuwa mpasuaji mwenye sifa kubwa, aliyejua hata kutengeneza upya pua zilizoharibika. Mwaka 1840 baba huyo alikwenda Hannover kuyatibu macho ya mwana wa mfalme, akafa huko. Kijana alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Hata hivyo alisoma kwa bidii, na mwaka 1847 akapata cheo cha udaktari. Kisha akasafiri kujifunza zaidi. Huko Prague mwalimu Arlt aliuvuta moyo wake kwenye kazi ya macho. Akapita Paris na Vienna, na London akawapata Bowman na Donders, waliokuwa rafiki zake hata kufa.

Mwaka 1851 alirudi Berlin akafungua nyumba yake ya uganga. Mwaka ule ule Helmholtz alitangaza kioo chake cha kutazamia ndani ya jicho. Kabla yake mboni ilikuwa kama mlango uliofungwa. Waganga walibahatisha tu yaliyo nyuma yake. Graefe alikishika kioo hicho kwa furaha kubwa. Wagonjwa wakamjia wengi mno, matajiri kwa maskini, na maskini aliwatibu bila malipo. Mwaka 1854 alianzisha gazeti la elimu ya macho, ambalo hata leo lingali likitoka kwa jina lake.

Sasa nieleze habari za glaukoma, maana hapo ndipo sifa yake ilipo. Katika ugonjwa huu maji ya ndani hulisonga jicho, na mshipa wa fahamu ulio nyuma hufa. Ukija kwa ghafula, jicho huwa gumu kama jiwe, huuma sana, na nuru huweza kupotea kwa siku chache. Waganga wa zamani walikuwa hawana la kufanya. Graefe naye kwanza alikosea: alipotazama kwa kioo alidhani kichwa cha mshipa ule kimevimba, kumbe kimebonyea kama kikombe. Alipotambua kosa lake alilisahihisha mbele ya wote katika maandiko yake. Mimi namheshimu kwa jambo hili kama kwa mapasuo yake yote, kwa kuwa mwenye jina kubwa huona taabu kusema amekosa. Baadaye aliona kwamba macho aliyoyakata kipande kidogo cha ule mviringo wenye rangi, kwa ajili ya ugonjwa mwingine, yalilainika. Akajaribu vivyo hivyo kwa glaukoma, na mwaka 1857 akatangaza kwamba wengi waliopata shambulio la ghafula waliponywa upofu. Glaukoma ile ijayo polepole haikutii sana kisu chake. Tena nuru iliyokwisha kupotea, hata leo hairudishwi.

Mtoto wa jicho pia alimtafutia njia iliyo bora, kwa kisu chembamba na jeraha dogo lililopona upesi. Kumbukeni kwamba dawa ya kulifisha jicho ganzi ilikuwa haijajulikana.

Lakini mwili wake haukuwa na nguvu. Mwaka 1861 aliugua sana kifua, na tangu hapo hakupona kabisa. Mwaka 1862 alimwoa Anna Knuth. Mwaka 1868 alipewa kuongoza kazi ya macho katika hospitali ya Charité, naye akiwa amekwisha kudhoofika. Kifua kikuu kilimwua tarehe 20 Julai 1870, siku moja baada ya Ufaransa kutangaza vita juu ya Prussia. Alikuwa na miaka 42.

Mwaka 1882 sanamu yake ilisimamishwa karibu na Charité, naye ameshika mkononi kile kioo cha kutazamia jicho.