Haroun Tazieff, mpiga picha wa moto wa Nyiragongo

Haroun Tazieff alizaliwa Warsaw mwaka 1914. Mwaka 1948, akiwa mwanajiolojia katika Kongo ya Wabelgiji, alifuatilia mlipuko wa Kituro kaskazini mwa Ziwa Kivu, kisha akapanda Nyiragongo na kuona ziwa la moto ndani yake. Mwaka 1951 alisafiri na Jacques Cousteau hadi Bahari ya Shamu, ambako wapiga mbizi walipiga picha chini ya maji.

Huko kamera ilikingwa na maji. Kwenye volkeno ilikabili joto na gesi. Tazieff alirudi kwenye volkeno. Filamu yake ya Nyiragongo, Le Volcan interdit, ya 1966, iliwania tuzo ya Oscar.

Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka, ziwa hilohilo likamwagika, likaua wakaaji wa vijiji vya chini. Tazieff alifariki Paris mwaka 1998.