Daudi Dabasso Wabera: Mjumbe Aliyeuawa

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mwishoni mwa Juni 1963, katika njia ya vumbi karibu na Modogashe, kauli hiyo ilivunjwa. Aliyeuawa ni Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, pamoja na Chifu Mkuu wa Waborana, Haji Galma Dida. Wanafunzi wengi wa Nairobi hupita katika barabara iitwayo Wabera wakielekea maktaba ya McMillan, na yamkini ni wachache mno wajuao kwamba mwenye jina hilo alifia safarini akijaribu kuwatuliza watu wake.

Ili kuielewa safari hiyo, ni sharti kuuelewa mgogoro wenyewe. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, na Wasomali wa Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini wakadai kuungana nayo kabla Kenya haijajitawala. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume kusikiliza maoni ya wenyeji. Tume iliona wazi kwamba Wasomali walitaka kujitenga. Hata hivyo, Machi 1963 serikali ya Uingereza iliamua eneo hilo libaki Kenya. Wasomali wakapewa jimbo lao, nayo Isiolo ikatiwa katika Jimbo la Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza, na uchaguzi wa Mei ukasusiwa na wengi wa kaskazini.

Isiolo ilikuwa na fundo la peke yake. Waborana wa Waso, yaani wa bonde la mto Ewaso Nyiro, kutoka Garba Tula hadi Merti, si Wasomali kwa ukoo wala kwa lugha. Lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kusilimu, wakishiriki dini, visima na masoko na majirani zao wa mashariki. Kwa hiyo palikuwa na Waborana waliotaka kubaki Kenya na Waborana waliotaka kujitenga, mara nyingi katika nyumba moja. Hapo ndipo Wabera alipotakiwa kusimama.

Alikuwa na sifa ambazo mtangulizi wake Mzungu hakuwa nazo. Alikuwa mwana wa kaskazini, akizungumza na wafugaji kwa Kiborana bila mkalimani. Naye Galma Dida alikuwa mzee aliyekwenda Makka, chifu ambaye sauti yake ilisikika msikitini na kisimani. Mmoja alibeba mamlaka ya serikali, mwingine heshima ya ukoo. Wakaanza kuzunguka kuwashawishi watu waikubali Kenya mpya. Jomo Kenyatta alikuwa na majuma manne tu katika kiti cha Waziri Mkuu.

Kiswahili hutofautisha mjumbe na mpatanishi, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha msiba huu. Mjumbe hupeleka neno lililokwisha kukatwa. Mpatanishi huenda na kurudi: husikiliza huku, akapeleka kule, akarejea na kitu mkononi. Wabera alitumwa kazi ya pili akiwa na zana za ile ya kwanza. Neno alilobeba lilikuwa limekatwa London miezi mitatu kabla, na hapakuwa na jambo ambalo wazee wa Waso wangeweza kumpa alirejeshe Nairobi likabadilishe chochote. Mbele ya waliotaka kujitenga, yeye hakuwa mtu wa kati bali upande wa pili. Ufasaha wake wa Kiborana, uliopaswa kuwa ngao, ulimfanya awe hatari zaidi kwao, kwa sababu maneno yake yangeweza kusikilizwa. Watu wenye silaha waliohusishwa na harakati za kujitenga waliwapiga risasi yeye na chifu.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wazee wa Merti kuliko kwa vitabu vya shule. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na vita vya Shifta vikaendelea kwa takriban miaka minne. Mwaka 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi. Merti, Garba Tula na Modogashe vikiwa miongoni mwavyo. Ngamia na ng'ombe wasioruhusiwa kufuata malisho walikufa, na wengine waliuawa kwa risasi. Waborana hukiita kipindi hicho Daaba, wakati wa kusimamishwa.

Upatanishi halisi ulifanyika mbali na Waso. Julius Nyerere aliwakutanisha Kenyatta na Rais Aden Abdulle Osman mjini Arusha Desemba 1965, bila mafanikio. Kenneth Kaunda alifaulu Oktoba 28, 1967, mjini humo humo, Kenyatta na Waziri Mkuu mpya wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal, walipokubaliana kukomesha uhasama. Kaunda hakuwa na kisima wala mpaka katika ugomvi huo, na kila upande ulikuwa na kitu cha kuachia. Wabera hakupewa nafasi kama hiyo.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda kaskazini, Isiolo ikiwamo, kuanzia Desemba 25, 1963. Kifo cha Wabera kilitangulia tarehe hiyo kwa takriban miezi sita. Vifo vya mifugo na watu wa Merti viliangukia ndani yake.