Yoane Bosco na kamba ya Becchi
Mtakatifu Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji cha wakulima katika Italia ya kaskazini. Alikuwa hajatimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Mama Margherita akabaki na wana watatu. Mkubwa, Antonio, hakumzaa yeye.

Majira ya baridi wakulima wale walikutana jioni zizini, wapate joto la ng'ombe. Walimsimamisha Yoane juu ya benchi, naye akawasomea na kuwasimulia habari za wafalme na mashujaa. Wazee kwa watoto wakanyamaza kimya. Hapo mtoto alitambua nguvu ya ulimi wake.

Siku za soko aliwatazama sana wafanya viinimacho, kisha nyumbani akajaribu aliyoyaona, akianguka mara nyingi. Ikawa Jumapili hufunga kamba kati ya miti miwili, akatembea juu yake, akatoa sarafu puani mwa watu. Vyombo vya mchezo alivinunua kwa kuuza ndege na uyoga. Lakini kwanza watu wasali rozari na kusikiliza mahubiri ya asubuhi, aliyoyashika kichwani; asiyetaka kusali hakuruhusiwa kutazama.

Antonio alichukizwa na vitabu vya mdogo wake. Tusimhukumu upesi: jembe alilishika yeye tangu utoto. Ugomvi ulizidi hata mama, katika baridi ya Februari, akamtuma Yoane kutafuta kazi mbali. Alipokewa na jamaa ya Moglia, akawachungia ng'ombe karibu miaka miwili. Hata huko, Jumapili, watoto walimfuata darini penye majani makavu, awasimulie.

Urithi ulipogawanywa, njia ya shule ikafunguka. Huko Chieri alishindana na mwana sarakasi aliyewavuta vijana saa za sala: mbio, kuruka, kuchezesha fimbo, mwisho kupanda mti. Yoane alishinda yote, faranga 240. Akamwonea huruma mtu yule aliyefilisika, akamrudishia fedha, mradi awalishe rafiki zake mlo mmoja.

Mwaka 1835, alipovaa kanzu ya ukleri, aliacha michezo ile ya hadharani. Mwaka 1841 akapata upadri, na huko Torino akakuta vijana maskini wakizurura njiani. Akawapa uwanja wa kucheza, jukwaa la maigizo, na hadithi zake. Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Wasalesiani wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911.